Mwani wa Mlingotini na Ganzi ya Kidonda



Somo la robo mwaka hii linaanzia baharini na kuishia kitandani mwa mgonjwa. Tumelichagua kwa sababu kamati za ukanda wetu, kuanzia Bunju hadi Saadani, huombwa kuchangia miradi ya "dawa za mwani", na si rahisi kwa mtu asiye mtaalamu kutambua kipi ni elimu na kipi ni maneno ya kuuzia bidhaa. Elimu ya kweli ipo. Katika maabara za nchi mbalimbali watafiti wanatengeneza utando mwembamba kutokana na mwani, maganda ya kamba, pamba, hata utomvu wa mpira, na ndani ya utando huo wanatia dawa ya ganzi. Utando ukibandikwa juu ya kidonda au ngozi, dawa hutoka polepole na maumivu hupungua mahali pale pale, bila sindano. Kwa kuwa mwani wenyewe unalimwa hapa Mlingotini, tunadhani ni haki yetu kuelewa jambo hili kuliko wengine.

Tuanze na maumivu

Chukueni mtoto wa miaka miwili aliyemwagikiwa uji wa moto kifuani. Siku ya kwanza analia kwa kuungua. Lakini mama yake akiulizwa baada ya mwezi ni siku ipi ilikuwa mbaya zaidi, huenda asiitaje hiyo. Atataja siku za kubadilishiwa bandeji. Gozi kavu hushikamana na kidonda; majimaji ya kidonda yakikauka ndani ya nyuzi zake, gozi na nyama mpya huwa kitu kimoja, na kuibandua ni kuchuna upya kile kilichokuwa kimeanza kupona. Jambo hilo hurudiwa kila baada ya siku moja au mbili, kwa wiki kadhaa.

Matokeo yake wauguzi wa zahanati wanayajua. Mama huanza kuchelewa, kisha haji kabisa. Kidonda kinafungwa nyumbani kwa kitambaa, kinaingia vijidudu, na ngozi ya bega au kiwiko inapona kwa kujikunja hata mkono haunyooki tena. Tunapozungumzia ganzi, basi, hatuzungumzii anasa ya hospitali kubwa. Maumivu yasiyotulizwa ni mojawapo ya sababu zinazomfanya mgonjwa akimbie tiba ambayo wahisani wameshailipia.

Ganzi ni nini?

Hisia ya maumivu husafiri kwenye mishipa ya fahamu kama umeme mdogo. Umeme huo hutokea pale chembe za sodiamu zinapoingia ndani ya mshipa kupitia vijilango vidogo sana. Dawa ya ganzi huviziba vijilango hivyo kwa muda. Kidonda kipo palepale, bali habari zake hazifiki kwenye ubongo.

Dawa ya kwanza ya namna hii ilikuwa kokeini, ambayo daktari Carl Koller wa Vienna aliionyesha mwaka 1884 kuwa inaweza kuzima maumivu ya jicho wakati wa upasuaji. Ilikuwa na madhara yake, pamoja na ulevi ambao dunia ingali inauhangaikia. Mwaka 1943 mkemia wa Sweden, Nils Löfgren, alitengeneza lignokeini, ambayo wengine huiita lidokeini, na kufikia mwaka 1948 ilikuwa imeingia sokoni. Hiyo ndiyo iliyomo kwenye chupa ndogo ya sindano mnayoiona kwenye zahanati zetu mtu anaposhonwa jeraha. Iko pia kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani.

Kama dawa ipo, kwa nini tusiimwage tu juu ya kidonda? Hapa kuna mambo mawili, na la pili ndilo kubwa.

Kwanza ni ngozi yenyewe. Ngozi nzima imeumbwa ili isipitishe vitu ovyo. Lignokeini ya sindano iko katika hali ya chumvi. Huyeyuka vizuri kwenye maji lakini haipenyi ngozi nzima kwa urahisi. Ndiyo maana krimu za ganzi zinazopakwa kabla ya kudunga sindano hutengenezwa kwa namna nyingine, na hata hizo hufunikwa kwa plastiki kwa muda wa kama saa nzima ndipo zifanye kazi. Kwenye kidonda hali hugeuka: hakuna ngozi ya kuzuia, na dawa huingia damuni haraka.

Pili, basi, ni kipimo. Kwa kawaida kiwango cha juu cha lignokeini isiyochanganywa na adrenalini huhesabiwa kuwa miligramu 3 kwa kila kilo ya uzito wa mtu. Mtoto wetu wa kilo 10 asizidishe miligramu 30. Dawa ya chupa iliyoandikwa asilimia 2 ina miligramu 20 katika kila mililita. Fanyeni hesabu: mililita moja na nusu, basi. Haijai hata kijiko cha chai. Ikizidi na kuingia damuni kwa wingi, mgonjwa husikia ganzi mdomoni na masikio kuvuma, kisha huweza kupata degedege na moyo kusumbuka. Sasa linganisheni mililita moja na nusu na kidonda cha moto kilichofunika kifua kizima. Kuimwaga ni hatari, na kuidunga kuzunguka kidonda chote hakuwezekani.

Kinachohitajika ni kitu cha kuishika dawa, kiiachie kidogo kidogo kwa mwendo unaojulikana. Hiyo ndiyo kazi ya utando.

Utando unatoka wapi?

Wataalamu hutumia neno polima. Maana yake ni molekuli ndefu iliyoundwa kwa vipande vidogo vilivyofungamana kimoja na kingine, kama ushanga mrefu. Mnyororo mmoja hauna nguvu, lakini mingi ikisokotana hufanya kitu kama jamvi, na kati ya miaa ya jamvi hilo huwa na nafasi ndogo ndogo za kuhifadhi maji na dawa. Zipo polima za kiwandani, kama plastiki, na zipo zile ambazo Mungu amezitia kwenye viumbe.

Pwani yetu ina nyingi za aina hiyo ya pili. Maganda ya kamba wanaovuliwa karibu na midomo ya mito ya Ruvu na Wami yana kitu ambacho, kikipikwa kwa magadi makali, hugeuka kuwa kitosani. Nyingine hutumika katika bandeji za kuzuia damu. (Msomaji asichanganye kamba huyu na kamba ya kufungia mwani. Lugha yetu ina utani wake.) Maji ya nazi, kwa msaada wa bakteria fulani, huota utando mweupe wa selulosi, Wafilipino huula kama kitinda mlo, na wengine wameufanya bandeji. Mwani wa kahawia unaotupwa ufukweni wakati wa upepo una alginati, na bandeji za alginati zimetumika katika hospitali za Ulaya tangu miaka ya 1980.

Lakini mazao ya Mlingotini ni mwani mwekundu, na hapo tutakaa kidogo.

Utafiti wa mwani nchini mwetu una jina la Profesa Keto Mshigeni wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aliyeufanyia kazi tangu miaka ya 1970. Kilimo cha biashara kilianza Zanzibar mwaka 1989, katika vijiji vya Paje na Jambiani, kwa mbegu zilizotoka Ufilipino, kisha kikaenea hadi pwani ya bara. Wakulima wengi ni wanawake. Hupiga vigingi mchangani, hunyoosha kamba kati yake, hufunga vipande vya mbegu kwa kamba ndogo wanazoziita taitai, na huingia majini wakati wa bamvua, maji yanapokupwa mbali. Aina mbili ndizo zinazojulikana: spinosum na cottonii. Cottonii ina bei nzuri zaidi lakini ni dhaifu. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 imekuwa ikifa katika maji ya kina kifupi yanayopata joto, na wakulima wengi wamebakiwa na spinosum yenye bei ya chini.

Aina zote mbili hulimwa kwa ajili ya polima iitwayo karaginani. Ndiyo inayofanya dawa ya meno ishikamane na aiskrimu isitengane. Karaginani ya cottonii hufanya jeli ngumu inayovunjika, hasa ikikutana na potasiamu. Ile ya spinosum hufanya jeli laini inayonyumbulika, ikisaidiwa na kalsiamu. Kwa kuchanganya chakula kiwandani, ulaini huo huonekana ni upungufu. Kwa kufunika bega la mtoto linalopinda na kunyooka ni sifa nzuri, na tunalitaja hili kwa sababu mwani wa wanawake wetu umeitwa duni mara nyingi mno.

Kutengeneza utando si jambo gumu kulielewa. Mwani mkavu huoshwa, hupikwa kwenye maji ya moto yenye magadi, huchujwa, kisha karaginani hutenganishwa na maji, hukaushwa na kusagwa kuwa unga. Unga uliosafishwa huyeyushwa tena kwenye maji ya moto, huongezwa gliserini kidogo ili usikauke kama karatasi, hutiwa dawa kwa kipimo, na humiminwa juu ya sahani bapa. Maji yakishakauka hubaki utando mwembamba unaoweza kukatwa kwa mkasi.

Ukibandikwa kwenye kidonda, hunyonya majimaji na kuvimba. Nafasi kati ya minyororo hupanuka, na dawa huanza kutoka. Hapa kuna jambo zuri la kikemia. Karaginani ina chaji hasi nyingi kwenye mnyororo wake. Lignokeini iliyo katika hali ya chumvi ina chaji chanya. Hizi mbili huvutana, kwa hiyo dawa haitoki yote kwa mkupuo. Mtaalamu huweza kuongeza au kupunguza mwendo kwa kubadili unene wa utando, kiasi cha kalsiamu, au kwa kuchanganya polima mbili. Kila badiliko hupimwa tena: imetoka kiasi gani baada ya dakika kumi, baada ya saa moja, baada ya saa nane.

Na hata bila dawa yoyote, utando huo hauna nyuzi za kunasa nyama mpya, nao huacha kidonda kikiwa na unyevu. Wazee walituambia kidonda kikaushwe. Mwaka 1962 mtafiti George Winter alionyesha kwa majeraha ya nguruwe kwamba kidonda cha juu juu kilichohifadhiwa na unyevu huota ngozi haraka kuliko kilichoachwa kikauke. Kwa maoni yetu faida hii ya kutoshikamana huenda ikawa kubwa kwa mgonjwa wa zahanati kuliko ganzi yenyewe.

Mfano ulio karibu na wagonjwa wetu

Wahudumu wa majumbani wanaujua mkanda wa jeshi. Ni ugonjwa wa malengelenge yanayofuata mstari upande mmoja wa mwili, na uliwatesa sana watu wanaoishi na VVU kabla ya dawa za kufubaza kupatikana kwa wingi. Malengelenge hupona, lakini kwa baadhi ya watu, hasa wazee, maumivu ya kuchoma hubaki miezi au miaka, hata shati likigusa ngozi ni mateso. Mwaka 1999 Marekani iliidhinisha plasta yenye lignokeini ya asilimia 5 kwa ajili ya maumivu hayo. Hubandikwa kwenye ngozi iliyokwisha pona, kwa saa zisizozidi 12 katika siku. Kila plasta ina miligramu 700 za dawa, lakini ni takriban asilimia 3 tu inayoingia mwilini; nyingine hubaki kwenye plasta. Plasta hiyo haijatengenezwa kwa mwani, bali inathibitisha kwamba ganzi ya kubandika inawezekana. Inatuonya pia. Plasta iliyotumika ikitupwa jalalani, mtoto akaiokota na kuitafuna, bado ina sumu ya kutosha. Wala haibandikwi juu ya kidonda kibichi, kwa sababu ile ile tuliyoieleza kwenye hesabu ya mililita.

Mwani mbichi sio dawa ya kidonda

Tunaomba jambo hili lisomwe kwa sauti kwenye jumuiya. Mwani uliotoka baharini au kwenye chanja una mchanga, chumvi, vijidudu na hauna kipimo chochote. Usiwekwe kwenye kidonda, wala usisagwe na kuchanganywa na dawa ya sindano.

Tena karaginani yenyewe ina sura mbili. Mwaka huo huo wa 1962, Winter mwingine, Charles Winter wa Marekani, pamoja na wenzake, walieleza njia ya kupima dawa za kutuliza uvimbe: walidunga karaginani kwenye wayo wa panya, wayo ukavimba na kuuma, kisha wakaona ni dawa ipi inayoupunguza. Njia hiyo ingali inatumika katika maabara. Kwa maneno mengine, kitu kile kile ambacho juu ya kidonda kinaweza kuwa kitambaa laini, kikidungwa chini ya ngozi huleta uvimbe. Anayesema "ni cha asili, hakiwezi kudhuru" hajui anachokisema.

Ndiyo sababu kati ya ufukwe wa Mlingotini na kitanda cha mgonjwa kuna safari ndefu: usafishaji, upimaji maabara, majaribio kwa wanyama, kisha kwa watu wachache, kisha kwa wengi. Hapa nchini majaribio kwa watu yanahitaji kibali cha maadili, na dawa au kifaa tiba kinahitaji kupitishwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA, iliyokuwa ikiitwa TFDA hadi mwaka 2019. Bagamoyo si ngeni kwa kazi ya namna hii. Hatua kubwa ya majaribio ya chanjo ya malaria ya RTS,S ilianzia hapa mwaka 2009, chini ya Taasisi ya Afya Ifakara, na wazazi wengi wa wilaya hii wanajua maana ya fomu ya ridhaa, kadi ya mahudhurio na daktari anayepiga hodi kufuatilia mtoto. Utando wa ganzi ukija kujaribiwa nchini, uje kwa utaratibu huo huo.

Nani atakula matunda?

Wahisani wetu wanapenda kuuliza kama jambo hili litaongeza kipato cha wakulima. Tujibu kwa uangalifu. Bandeji moja ina karaginani kidogo sana, pengine chini ya gramu chache, kwa hiyo hata kiwanda kikubwa cha bandeji hakitanunua mwani mwingi. Thamani iko kwenye usafishaji, vipimo na kibali, wala haiko kwenye uzito wa gunia.

Pwani hii imeshaliona hilo. Katika karne ya 19, wakati wamisionari wa Roho Mtakatifu wanafika Bagamoyo mwaka 1868, mojawapo ya bidhaa zilizotoka pwani yetu ilikuwa sandarusi, utomvu wa kale uliochimbwa ardhini. Nayo ni polima ya asili. Ilipita Zanzibar ikafika hadi Salem, Massachusetts, ikawa vanishi ya kung'arisha fanicha na magari ya farasi ya watu wengine. Wachimbaji waliuza kwa uzito. Mwani mkavu nao umeuzwa kwa uzito kwa zaidi ya miaka thelathini. Vikundi vya Mlingotini vilivyojifunza kutengeneza sabuni ya mwani vimepiga hatua ambayo mchimbaji wa sandarusi hakuipiga. Sabuni haihitaji majaribio ya miaka kumi, na faida yake hubaki kijijini. Sisi tungetia fedha huko kwanza.

Yanayowezekana mwezi huu

Wakati utando wa ganzi ungali maabara, mtoto wetu wa uji bado anabadilishiwa bandeji. Kwa ajili yake yapo mambo ya gharama ndogo. Nyumbani, mara tu baada ya kuungua, maji safi ya baridi ya kawaida yanayotiririka kwa dakika 20, wala si dawa ya meno, unga, majivu au mafuta. Zahanati, gozi iliyopakwa vaselini maalumu ya hospitali badala ya gozi kavu. Ikiwa gozi imeshashika, iloweshwe kwa salaini na kusubiriwa ilegee. Tunajua foleni ni ndefu, lakini dakika kumi za kusubiri ni nafuu kuliko mgonjwa asiyerudi. Parasetamoli kwa kipimo cha uzito itolewe kama nusu saa hadi saa moja kabla ya kazi kuanza, si baada ya mtoto kuchoka kulia. Kwa vidonda vikubwa, rufaa kwenda hospitali ambako mofini ya kunywa au ketamini inaweza kutolewa na mtu aliyefunzwa. Mama aruhusiwe kumshika mtoto wake.

Kamati yenye fungu la afya inaweza kuiuliza zahanati yake maswali mawili tu katika kikao kijacho: gozi yenye vaselini iliisha lini mara ya mwisho, na ni wagonjwa wangapi wa vidonda waliacha kurudi robo hii. Majibu yaandikwe kwenye kumbukumbu za kikao, ili robo ijayo yalinganishwe.

Na likija ombi la kuchangia dawa ya mwani, kamati imwombe mwenye mradi aonyeshe kibali cha TMDA, au cha maadili kama bado ni utafiti. Aeleze karaginani imesafishwa wapi. Aseme kwa miligramu ni dawa kiasi gani imo katika kila kipande. Na aseme mwani ulinunuliwa kwa nani na kwa bei gani. Akiweza kujibu yote manne, tuletewe barua yake pamoja na muhtasari wa kikao.